Lugha ya Ulaghai na Lugha ya Onyo: Uhakiki wa Maandishi ya Simu Kitale na Bungoma

Wataalamu wa Kiswahili wametumia miaka mingi kujadili istilahi za kompyuta. Je, chombo chenyewe kiitwe kompyuta, au tarakilishi, neno lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili, au ngamizi? Je, neno la kufungulia akaunti liwe nywila au neno la siri? Mjadala huo una manufaa yake, wala haufai kubezwa. Hata hivyo una kasoro moja kubwa: umeshughulikia majina ya vitu, ukaziacha sentensi. Mtu wa kawaida hapotezi fedha zake kwa sababu hakujua jina la chombo. Huzipoteza kwa sababu alisoma sentensi akaiamini. Makala haya yanakusudia kuzihakiki sentensi hizo kama yanavyohakikiwa maandishi mengine yoyote, yaani kuangalia zimeundwaje, zinamchukulia msomaji kuwa nani, na zinamfanya atende nini. Hoja yake kuu ni kwamba mlaghai wa simu ameielewa sarufi ya Kiswahili cha watu kuliko wanavyoielewa wale wanaoandika maonyo ya kuwakinga.

Eneo linalofaa kwa uchunguzi huu ni Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Kitale, makao makuu ya Trans-Nzoia, ni mji wa mahindi na wa mbegu. Bungoma umo kando ya reli iendayo Malaba, katika nchi ya miwa na mahindi. Wabukusu na Wasabaoti wako pande zote mbili; Wateso wako Bungoma; na Kitale hukutana pia Wapokot, Waturkana, Wanandi, Wakikuyu na wengineo. Katika hali hiyo Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa wengi, bali ndicho kinachowakutanisha sokoni, katika kituo cha matatu na katika duka la M-Pesa. Ukoo mmoja huweza kuwa na shamba Kiminini, mwanafunzi Kimilili na mzazi Chwele, na fedha za mbolea, za karo na za matanga hupita baina yao mwaka mzima. Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanzishwa, fedha hizo zilibebwa na jamaa, au zilikabidhiwa dereva wa basi, au zilipelekwa posta. Njia hizo zilikuwa za polepole, lakini zilikuwa na uso: mpokeaji alimwona mletaji, na karani wa posta aliangalia kitambulisho. Simu imeuondoa uso, ikabakiza maandishi. Kwa hiyo usalama wa fedha umekuwa, kwa sehemu kubwa, suala la kusoma.

Andiko mashuhuri kabisa la ulaghai wa simu nchini Kenya ni fupi mno: "Ile pesa tuma kwa hii namba." Limerudiwa hata limekuwa mzaha, na wengi hulicheka, lakini kuchekwa hakukuliua. Mhakiki hana budi kujiuliza siri ya uhai wake.

Siri hiyo imo katika kionyeshi. Katika Kiswahili, kionyeshi cha mbali kinapotangulia nomino, aghalabu hakionyeshi tena umbali wa mahali. Huashiria kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukijua. "Ile pesa" si pesa iliyo kule, bali ni pesa tuliyoizungumza. Mlaghai hasemi ni pesa gani, kwa kuwa hajui. Lakini sarufi humlazimisha msomaji kuijua kwa niaba yake. Msomaji huitafuta akilini, na katika nchi ya mahindi wakati wa kupanda haikosekani: iko ya mbolea aliyokopeshwa na jirani, iko ya kukodi trekta, iko ya karo aliyoahidi kumtumia shemeji. Tena katika Kiswahili cha bara, "ile pesa" ni mwanzo wa sentensi ambayo watu wamezoea kuikamilisha wenyewe: ile pesa uliniambia, ile pesa tulisema. Mlaghai huanza, na mlaghaiwa humalizia. Ndiyo kusema kwamba andiko hili lina watunzi wawili, na yule wa pili ndiye anayeibiwa.

Baada ya "ile" hufuata "hii". Kionyeshi cha kwanza huita jambo kutoka kumbukumbu. Cha pili huliweka mkononi. Hakuna salamu, na jambo hilo nalo lina maana. Katika desturi za huku, mgeni husalimu kwanza, kisha husema haja yake. Anayeanza na haja bila ya salamu ni mtu wa nyumbani aliye katika haraka. Kutokuwako kwa salamu, ambako mwalimu wa insha angekuona kuwa ni upungufu wa adabu, hapa ni hati ya undugu. Jina la mwandishi pia halipo, nalo halitafutwi, kwa sababu yule anayedai "ile pesa" anajulikana. Kwa ufundi wa fani, maneno sita haya yanatimiza kazi ambayo barua ndefu isingeitimiza.

Yafaa sasa kuliangalia onyo linalopaswa kushindana nayo. Onyo la kawaida husema kwamba namba ya siri isitolewe kwa mtu yeyote. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na ni ya kweli. Tatizo limo katika neno siri. Kwa Waswahili, na kwa wale waliokipokea Kiswahili chao, siri si kitu kisicho na mtu wa pili. Lugha yenyewe ina neno msiri, yaani mtu anayeaminiwa kuambiwa mambo ya ndani. Siri hupewa mtu, huwekewa mtu, na mtu husifiwa kwa kuitunza. Kumnyima siri mke, mume au mtoto aliyekulea uzeeni ni kumtangazia kwamba haaminiki. Mama mzee wa Chwele asiyeona vizuri maandishi madogo, anapompa mjukuu wake namba hiyo ili amtolee fedha, hajioni kuwa ametoboa siri. Ameiweka kwa msiri wake, kama lugha inavyomfundisha. Onyo linamwambia "mtu yeyote", naye anajua hakika kwamba mjukuu wake si mtu yeyote.

Neno nywila linaiepuka hatari hiyo, lakini kwa gharama nyingine: wasemaji wengi hawana neno jingine la ukoo wake la kuwaongoza kwenye maana, na neno lisilo na jamaa halionyi. Ufunguo, tamathali inayopendwa na wengi, nao una dosari, kwani ufunguo huazimwa. Dhana iliyo karibu zaidi na kazi ya namba hiyo ni sahihi. Namba hiyo husema kwa niaba ya mwenyewe kwamba amekubali fedha ziondoke, kama vile sahihi au alama ya kidole gumba ilivyosema katika karatasi za ushirika. Kila mtu anajua kwamba sahihi haiazimwi, na kwamba anayeiiga ameghushi. Dhana hii haikamiliki, maana sahihi huonekana na watu wote ilhali namba haipasi kuonekana. Lakini inaifafanua hasara ilivyo. Aliyechukua namba hakusikia habari tu. Ameutwaa mkono wa mwenziwe na kutilia sahihi nao.

Haifai kudhaniwa kwamba Kiswahili kimeshindwa na teknolojia hii. Wenye biashara ya simu wameonyesha kwamba vitenzi vya kawaida hukubalika upesi. Sambaza, kwa maana ya kumgawia mwenzio muda wa maongezi, halikuhitaji kamusi. Hakikisha, jina la huduma inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, ni istilahi bora kuliko nyingi zilizotungwa katika vikao, kwa sababu ni amri, nayo inamwambia mtu afanye nini. Lakini hapa pia uhakiki unahitajika. Fuliza, jina la mkopo ulioanza 2019 wa kujazia salio lisilotosha, hutokana na kitenzi chenye maana ya kuendelea bila kusita. Ni neno zuri, na uzuri wake ndio hatari yake: linataja mwendo, likanyamazia deni. Anayefuliza hajisikii kukopa. Kipimo cha istilahi, basi, si wepesi wa kupokewa tu, bali pia ni ukweli wa kile inachokificha au kukifichua.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa mazungumzo ya kila siku kuhusu mtandao. Mabishano ya kijiweni, yawe ya bei ya mahindi au ya dawa ya ng'ombe, siku hizi hukatizwa kwa maneno "uliza Google". Kitenzi hicho kina uzito. Mtu huulizwa akiwa mjuzi, naye hubeba dhamana ya jibu lake. Mzee akisema uongo barazani, heshima yake hushuka. Chombo cha kutafutia hakina heshima ya kushuka. Hupanga kurasa zilizoandikwa na wengine, na juu ya kurasa hizo huweza kuwekwa matangazo yaliyolipiwa. Mlaghai naye anaweza kuandika ukurasa na kubandika humo namba ya uongo ya huduma kwa wateja. Wahenga walisema kwamba mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Leo mtafutaji hupata kabla ya kuchoka, na kwa hiyo hudhani kwamba kupata ndiyo mwisho wa kutafuta. Kuita kazi hiyo kutafuta, na wala si kuuliza, ni kumkumbusha mtu kwamba kupambanua bado ni juu yake.

Julai 2023 kosa la kitenzi lilionekana kwa taifa zima. Mfumo wa eCitizen, uliokuwa wakati huo ukitoa huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulivurugwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Kilichofanyika kilikuwa kuuelemea mfumo kwa maombi mengi hata wenye haja wasiweze kupita, na serikali ilisema kwamba hakuna data iliyopotea. Lakini neno lililotamalaki katika mazungumzo lilikuwa kudukua, ambalo kwa wasikilizaji wengi ni kuingia ndani na kuchukua. Kuuziba mlango wa ghala la mahindi na kulivunja ghala si tendo moja. Mkulima wa Trans-Nzoia hahitaji mwalimu wa kumweleza tofauti hiyo, mradi aambiwe ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea. Palipokosekana vitenzi viwili, palizuka hofu moja.

Huenda ikasemwa kwamba makala haya yanaipa lugha uzito usio wake. Kwamba watu hulaghaiwa kwa sababu ya haraka, dhiki na tamaa, na kwamba hata wasomi wa Kiingereza hulaghaiwa. Ni kweli, na sheria ipo: ile ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inaadhibu kujifanya mtu mwingine na kuwanasa watu kwa ujumbe wa hila. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo katiba yake ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Tena sheria huja baada ya fedha kwenda. Kinachosimama kati ya ujumbe na kidole cha msomaji, katika sekunde zile chache, ni lugha peke yake. Dhiki huwapo siku zote. Kionyeshi ndicho kinachoipa anwani.

Kwa hiyo wajibu wa idara za Kiswahili hauishii katika orodha za istilahi. Maonyo yapaswa kutungwa na watu wanaoijua sarufi ya sokoni, kisha yasomwe kwa sauti Kitale, Chwele na Kimilili kabla hayajachapishwa, na yale yasiyoweza kukumbukwa na msikilizaji baada ya siku moja yatupwe. "Namba hii haina msiri" lingesema kwa maneno manne jambo ambalo "mtu yeyote" limeshindwa kulisema. Na ujumbe wa mlaghai ungeweza kujibiwa kwa sarufi ile ile aliyoitumia. Kionyeshi chake hudai kwamba mambo yamekwisha kujulikana. Dawa yake ni kukirudisha kwa mwenyewe kikiwa swali: ile ipi? Atakayempigia yule anayemdhani kuwa ndiye mdai, kwa namba aliyoizoea, akamwuliza maneno hayo mawili na kungoja jibu, atakuwa ameirudishia simu uso wake.