Baiskeli, Changarawe na Mito ya Mitumba: Jinsi Njia za Uvira Zinavyoendeshwa

Baiskeli ya changarawe, yaani baiskeli nyepesi iliyoundwa kwa barabara zisizo na lami, yenye matairi mapana kuliko yale ya mashindano ya lami, gia nyingi na usukani uliopinda kwenda chini, imeenea Ulaya na Marekani katika karne hii, na Ufaransa husifiwa sana na waendeshaji wake kwa sababu ya barabara tulivu za mashambani na njia zinazofuata kingo za mito na mifereji. Utulivu wa njia hizo za majini umejengwa kwa mikono. Mfereji wa Canal du Midi, uliofunguliwa mwaka 1681 na wenye urefu wa takriban kilomita 240, ulipewa njia za kukokotea mashua, ambazo zilipaswa kuwa sawa na imara ili mnyama aweze kuvuta chombo kwa mwendo usiobadilika. Maji yenyewe yalitulizwa kwa malango yanayopandisha na kushusha vyombo hatua kwa hatua, hivyo mwendesha baiskeli wa leo hukutana na mwinuko mfupi penye lango na kisha uwanda mwingine. Katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, mambo yamepangwa kinyume: njia haifuati maji yaliyotulizwa bali huyakata maji yasiyo na mtawala, na kila ufundi wa kuendesha baiskeli kati ya Baraka, Uvira na Kamanyola umetokana na hali hiyo.

Mji wa Uvira umebanwa kati ya ziwa, ambalo uso wake uko kwenye kimo cha mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mitumba, ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambayo katika nyanda za Itombwe hupita mita 3,000. Mito inayoshuka kutoka huko, kama vile Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, ni mifupi na mikali, na inapofika chini hupoteza kasi ghafla na kutua mzigo wake wa mawe, changarawe na mchanga katika umbo la kipepeo cha kupepea moto, lililotandazwa kuelekea ziwani. Sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya vipepeo hivyo. Hatari yake ilionekana usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika, ikaua makumi ya watu, ikabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu barabara na madaraja. Upande wa pili ziwa nalo husogea: lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana kimo cha maji hupanda polepole na hakishuki upesi, na mwaka 2024 kilikaribia mita 777, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, maji yakaingia katika mitaa ya ufukweni ya Uvira na katika Gatumba ng'ambo ya mpaka wa Burundi. Ni vigumu kuchora njia ya kudumu ya kando ya maji mahali ambapo kando yenyewe huhama.

Kusini mwa Uvira, barabara ya taifa namba 5 hupita Makobola, Swima na Mboko kuelekea Baraka, ikiwa na ziwa mkono wa kushoto na mlima mkono wa kulia. Kwenye ramani inaonekana tambarare, kwa kuwa haiondoki ufukweni, lakini mwendeshaji huikuta imekatwakatwa na vijito, na kila kijito kina sehemu tatu: kokoto za mviringo kabla ya maji, kivuko chenyewe, na mchanga laini baada yake. Kokoto hizo ndizo mbaya kuliko maji. Changarawe ya barabara iliyopondwa mashineni ina kingo kali zinazoshikana na kujenga uso mgumu, ilhali jiwe lililosuguliwa na mto huviringika chini ya tairi. Kwa sababu hiyo waendeshaji wazoefu hufuata mstari mwembamba uliokandamizwa na nyayo za watembea kwa miguu, hata pale ambapo njia ya magari inaonekana pana zaidi.

Kaskazini ndiko kuliko na mfano wa karibu wa safari ya kufuata mto. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, kwenye kimo cha takriban mita 1,460, na sehemu kubwa ya mteremko wake huimaliza ndani ya makorongo yaliyo juu ya Kamanyola. Kuanzia hapo hadi ziwani hupita katika uwanda mpana ambao, kupitia Luvungi, Sange na Kiliba, hushuka kwa wastani wa mita zisizozidi tatu kwa kila kilomita. Pembeni mwa barabara kuu kuna mtandao wa vijia vinavyopita mashamba ya mpunga, mihogo na miwa, ambavyo wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, huwa na udongo mgumu na ni vyepesi kupita, na ambavyo masika yakianza hugeuka tope zito linalojaa kati ya tairi na foko hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ubora wa baiskeli hapo hupimwa kwa nafasi iliyoachwa kati ya tairi na chuma.

Kuhusu baiskeli yenyewe, chombo cha kawaida cha uwanda huu ni ile nzito ya chuma, ya gia moja, yenye breki za fito na magurudumu ya inchi 28, kutoka viwanda vya India au China. Tairi lake la inchi moja na nusu lina upana unaokaribia milimita 40. Baiskeli ya changarawe ya Ulaya, baada ya miongo mingi ya kuabudu matairi membamba, imetulia kwenye milimita 38 hadi 45; mitindo imerudi mahali ambapo mchukuzi wa Sange hakuwahi kuondoka. Kinachotofautisha vyombo hivi viwili ni upepo. Tairi pana lenye upepo mdogo hujikunja juu ya jiwe badala ya kuliruka, likashika ardhi vizuri zaidi na kupoteza nguvu kidogo, lakini mchukuzi mwenye magunia mawili ya makaa hawezi kupunguza upepo, kwa maana mzigo ungebana mpira wa ndani dhidi ya rimu na kuupasua kwenye jiwe la kwanza. Analazimika kujaza tairi hadi ligume na kukubali mtikisiko.

Suala la gia linahitaji hesabu. Tuseme mwendeshaji, baiskeli na mzigo vina jumla ya kilo 200, na gia ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli utasogeza chombo takriban mita 5.4. Katika uwanda wenye udongo mgumu, ukinzani wa ardhi ni kama sehemu mbili kwa mia ya uzito wote, na mguu utahitaji msukumo wa wastani unaolingana na kilo 20, jambo linalowezekana kwa saa nyingi. Kwenye mwinuko wa mita sita kwa kila mita mia, mlima peke yake hudai kilo 60, karibu uzito wa mtu mzima kwenye kila pedeli bila kupumzika. Mchanga wa kipepeo cha mto, ambao ukinzani wake unaweza kufika sehemu kumi kwa mia, hudai zaidi ya hapo, hata pasipo mwinuko wowote. Baiskeli ya changarawe yenye meno 40 mbele na 42 nyuma husogea mita 2.1 tu kwa mzunguko, na mlima uleule hudai kilo 24. Kwa hiyo mchukuzi anaposhuka na kusukuma amechagua gia pekee ya chini aliyonayo, yaani miguu yake mwenyewe. Ifahamike pia kwamba waendeshaji wa Tour de France walinyimwa vibadilisha gia hadi mwaka 1937, ingawa Paul de Vivie wa Saint-Étienne alikuwa amevitetea tangu mwanzo wa karne hiyo, na wao pia walijua kusukuma.

Kusukuma kuna ufundi wake. Katika mikoa mingi ya Kongo fimbo ndefu hufungwa kwenye usukani ili msukumaji aongoze gurudumu la mbele akiwa pembeni, na nyingine husimamishwa nyuma ya kiti ili apate pa kushika; madumu ya mafuta ya mawese hutundikwa chini, pande mbili za gurudumu la nyuma, kwa sababu mzigo ulio chini hauyumbishi chombo kinapovuka kokoto. Mteremko ni tatizo gumu zaidi. Kule Burundi wachukuzi wa ndizi huteremka kutoka Bugarama, penye kimo cha takriban mita 2,200, hadi Bujumbura, wakizisaidia breki kwa soli ya kiatu inayokandamizwa kwenye tairi, na kupanda hudandia malori, desturi iliyokwisha kugharimu maisha. Breki ya diski ya baiskeli ya kisasa ingewafaa wao kuliko inavyomfaa mtalii wa kingo za mto Loire wa Ufaransa.

Uendeshaji wa burudani umeota mizizi ng'ambo ya mpaka. Rwanda ina njia ya Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara la Afrika. Upande wa Uvira, vita vilivyofika Bukavu Februari 2025 na Uvira yenyewe Desemba mwaka huo vimeifanya barabara ya uwandani kuwa mahali pa kukimbia, na kuizungumzia kama njia ya starehe kungekuwa utovu wa adabu. Hata hivyo swali la kiufundi linabaki, kwa kuwa mchukuzi hutumia njia hiyohiyo kwa riziki. Kusawazisha uso wa barabara kati ya Uvira na Baraka kungesaidia kidogo tu, kwani mafuriko ya msimu mmoja hurudisha kokoto palepale. Panapofaa fedha kutumika ni kwenye vivuko, hasa madaraja mafupi ya chini yaliyojengwa kwa zege juu ya makalvati, ambayo hupitisha maji ya kawaida chini yake na kuyaacha mafuriko yapite juu bila kubomoka, huku mwendeshaji akisubiri saa chache ukingoni hadi kina kishuke.