Chupa ya Kipchoge

Itazame tena video ya Vienna ya tarehe 12 Oktoba 2019, ila safari hii acha miguu ya mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge, mwangalie mkono. Mwendesha baiskeli anamsogelea, anampa chupa, naye anapiga mafunda bila kushuka kwenye mwendo wake wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita. Kupelekewa kinywaji namna hiyo ni mojawapo ya sababu muda wake wa marathoni wa 1:59:40 haukuingizwa kwenye rekodi rasmi.

Chupa ina nini cha kuogopesha hivyo? Piga hesabu. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 52 akimaliza marathoni ameshaunguza kama 2,200. Akiba yake ya wanga, ule ugali uliogeuzwa glaikojeni na kuhifadhiwa kwenye misuli na ini, ni gramu 500 hivi, sawa na kilokalori 2,000. Na misuli ni bahili: glaikojeni ya begani haiendi kuliokoa paja.

Mafuta je? Yapo tele, hata kwa mwembamba kama yeye, na gramu moja hubeba kilokalori 9 dhidi ya 4 za wanga. Kinachokwamisha ni hewa. Kwa kila lita ya oksijeni, wanga hutoa nishati zaidi kuliko mafuta kwa asilimia 7 au 8. Anayetembea kwenda sokoni hawezi kuhisi tofauti hiyo. Anayekimbia moyo na mapafu vikiwa karibu na kikomo ataihisi, kwa maana atalazimika kupunguza mwendo.

Kwa hiyo sukari iingie njiani. Hapo utumbo mwembamba unaweka foleni yake: mlango wa glukosi hupitisha kama gramu 60 kwa saa, na ya ziada hubaki ndani ikivuta maji. Mimi niliwahi kubugia soda nzima kwenye kilomita ya 10. Ya 12 ilinikuta nyuma ya mgomba. Watengenezaji wa vinywaji vya wakimbiaji huchanganya glukosi na fruktosi, ambayo ina mlango wake, na jumla hufika hadi gramu 90.

Hata hivyo tumbo ambalo halijazoea litakataa. Ndiyo maana wakimbiaji wa marathoni hulifanyisha mazoezi nalo, wakinywa kinywaji kilekile cha siku ya mbio huku wakikimbia kwa kasi ileile, wiki baada ya wiki.