Volti 4.5: Kuitibu Fuzz Face ya Kujiundia

Fuzz Face, pedali ya gitaa ya mviringo iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966 na kupata jina miguuni mwa Jimi Hendrix, ina vipande 11 tu ndani yake: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na potenshomita mbili. Fundi redio yeyote huilehemu kabla chai haijapoa. Halafu anachomeka gitaa, na sauti inatoka nyembamba, inakatikakatika, inakufa kabla noti haijaisha. Wengi hapo huanza kuchoma upya kila kiungo. Aghalabu lehemu haina kosa; volti ndizo hazijakaa mahali pake.

Toleo la awali lilitumia transista za jemaniamu aina ya PNP, AC128 au NKT275. Jemaniamu huvuja: hata besi isipopewa chochote, mkondo kidogo hupenya kati ya kolekta na emita. Sasa tazama transista ya kwanza. Inalishwa kupitia rezista ya kiloomu 33, kwa hiyo mkondo wake wote ni kama robo ya miliampea. Ukiiwekea inayovuja miliampea 0.2, karibu wote umeshaliwa, na gitaa halina la kuamuru.

Mita zenye tundu la kupimia transista hudanganya hapa, maana huhesabu uvujaji kama ukuzaji. Njia aliyoieleza mtaalamu wa pedali R.G. Keen bado haijapata mpinzani: betri ya volti 9, rezista ya omu 2,472 kwenye kolekta, kisha soma volti zilizo juu ya rezista hiyo besi ikiwa inaning'inia. Huo ni uvujaji. Unganisha besi na upande wa hasi wa betri kupitia megaomu 2.2, soma tena, toa la kwanza katika la pili, zidisha kwa 100: huo ndio ukuzaji wa kweli. Yeye hupendekeza 70 hadi 80 kwa transista ya kwanza, na 110 hadi 130 kwa ya pili. Zipachike kwenye soketi, usizilehemu moja kwa moja. Joto la lehemu linaweza kuziua.

Pedali ikishawashwa, pima sehemu tatu. Katika PNP ardhi ni chanya ya betri, hivyo namba zote zitakuwa hasi. Alama hiyo isikutie hofu. Kolekta ya kwanza isome kama volti 0.7, emita ya pili 0.5, kolekta ya pili 4.5. Hii ya mwisho ipimwe kwenye mguu wenyewe wa transista. Kati ya kolekta hiyo na betri kuna rezista mbili, kiloomu 8.2 na omu 470, na sauti huchukuliwa pale zinapokutana. Ukipima hapo utasoma kama 8.7, nawe utadhani transista imekufa kumbe ni nzima.

Kolekta yenyewe ikisoma 8, basi transista ya kwanza inavuta kupita kiasi na kuinyima ya pili. Weka rezista ya kurekebisha ya kiloomu 20 badala ya ile 8.2, uizungushe hadi volti zirudi. Wapo wanaopenda 5 au zaidi kidogo kwa ukali wake. Sibishani nao, mradi wamepima.

Bana transista ya kwanza kwa vidole huku mita ikisoma kolekta ya pili: namba itapanda taratibu. Uvujaji wa jemaniamu huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Pedali iliyorekebishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi haitakuwa ileile jukwaani Dar es Salaam mwezi Februari, kwa hiyo irekebishe katika joto utakalopigia.

Kapasita ya mikrofaradi 20 iangalie upya: kwenye PNP upande wake chanya unaelekea ardhini, na anayenakili mchoro wa NPN huigeuza bila kujua. Waya za betri nazo hivyohivyo. Na usiichomeke pedali hii kwenye adapta moja na pedali za kawaida, ambazo ardhi yake ni hasi. Nyaya za gitaa huunganisha ardhi zote pamoja, na chanya ya adapta itakutana na hasi yake moja kwa moja. Ipe betri yake.