Machela, Panga na Karatasi: Jinsi Askari wa Hifadhi Wanavyofanya Kazi

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulizuka Whona, mahali ambapo wapandaji wa Mlima Kilimanjaro hupumzika na kula kati ya Mandara na Horombo, njia ya Marangu. Usiku ule wakazi wa Moshi waliuona mstari mwekundu umeukata mlima. Walioitwa kwanza walikuwa askari wa hifadhi, wale wale ambao siku nyingine hukagua vibali getini, hushusha wagonjwa kutoka juu na kupanda kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya majangili.

Kuzima moto katika mwinuko ule ni kazi ya mikono. Gari la zimamoto halipandi huko, na maji hayapo ya kutosha hata kama lingepanda. Mimea iliyotawala ni vichaka vya jamii ya erika, ambavyo hushika moto hata vikiwa vibichi, na udongo wake umejaa mizizi na majani yaliyooza. Moto unaweza kuzimika juu, ukaendelea kufukuta chini, kisha ukaibuka upya nyuma ya watu walioamini wameshamaliza. Kwa hiyo kazi hugawanywa. Kundi moja hutangulia mbele ya moto na kufyeka kinga kwa panga na majembe hadi udongo mtupu uonekane. Jingine huupiga moto ubavuni kwa matawi mabichi. La tatu hubaki nyuma likichimbua na kufukia kila panapofuka moshi. Kundi hilo la tatu halipigwi picha na mtu, lakini likizembea, jasho la wenzao limepotea bure. Mamia ya watu waliungana na askari mwaka ule, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika cha Mweka, na hata hivyo takriban kilomita za mraba 95 ziliungua. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, na safari hiyo wanajeshi walipelekwa kusaidia.

Moto huja mara chache. Mgonjwa wa mwinuko anaweza kupatikana usiku wowote.

Wapandaji wengi huondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu na saa sita za usiku ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri. Kule juu, kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni ya kawaida. Yanayotisha ni kikohozi chenye povu, ambacho ni dalili ya maji kujaa mapafuni, na kuyumba au kuongea ovyo, dalili ya ubongo kuvimba. Kiongozi wa msafara anayeijua kazi yake humwambia mteja atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, mjadala umekwisha. Oksijeni ya mtungi hununua muda tu. Dawa yenyewe ni kushuka, tena saa ile ile, hata kama ni saa nane za usiku na mteja analia kwamba amebakiza kidogo.

Hapo ndipo machela ya Kilimanjaro inapoingia. Ni fremu ya chuma yenye gurudumu moja katikati, chini ya mgonjwa, lenye springi za kupunguza mitikisiko. Mgonjwa huingizwa katika mfuko wa kulalia, akafungwa mikanda kifuani, kiunoni na miguuni. Wabebaji wa mbele wanachagua njia kati ya mawe, wa pembeni wanazuia isipinduke, na wa nyuma wanaivuta kwao, kwa sababu kwenye mteremko shida kubwa ni kuizuia isikimbie. Wanabadilishana zamu mara kwa mara. Penye miamba kama Ukuta wa Barranco gurudumu halina kazi. Mtu hubebwa kwa mikono au mgongoni hadi njia inaporudi kuwa njia. Siku hizi kuna helikopta, lakini nazo hutegemea mbingu safi, na hewa nyepesi ya juu hupunguza nguvu za mabawa yake. Ukungu ukishatanda, kinachobaki ni miguu na gurudumu. Kila mpandaji huchangia ada ya uokoaji ya dola 20 katika malipo yake ya kuingia, kiasi kidogo mno ukikilinganisha na migongo inayotumika.

Kazi hiyo ina upande wa sheria usioonekana. Mtu akifia mlimani, askari aliyekuwa mwokoaji dakika chache zilizopita hugeuka mpelelezi: anaandika saa, mahali, hali ya mwili na majina ya waliokuwepo, kabla ya polisi kukabidhiwa. Na kuna maamuzi ya kufunga njia. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach na kuua Wamarekani watatu, na njia ile ikafungwa kwa muda mrefu.

Lakini ugumu mkubwa kuliko wote uko kwenye karatasi, na hapa mfano mzuri ni Serengeti. Doria inakuta watu watatu porini wakiwa na panga, nyaya za kutegea na nyama mbichi ya nyumbu. Kuwakamata huchukua dakika. Kesi inaweza kufa katika saa zinazofuata.

Kwanza ni mahali. Mahakama itataka kujua kama pale ni ndani ya mpaka wa hifadhi, kwa hiyo askari huandika vipimo vya GPS akiwa bado amesimama hapo hapo. Kisha hujaza hati ya ukamataji: kila kitu kwa idadi na sifa zake, saini au dole gumba la mtuhumiwa, saini ya shahidi. Ukiandika "nyaya" bila kusema ni ngapi, wakili atauliza ni zipi hizi zilizoletwa mbele ya hakimu. Kila kielelezo hupewa alama, na kila kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, kutoka kwa askari hadi kwa mtunza vielelezo wa polisi hadi kwa mtathmini wa nyara, makabidhiano huandikwa. Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia jambo hili kwa miaka mingi, na watuhumiwa wameachiwa kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana.

Tatizo ni nyama. Haiwezi kungoja kesi, kwa kuwa itaoza kabla hakimu hajapanga tarehe. Mwongozo wa kazi wa Jeshi la Polisi, PGO namba 229, unaelekeza kwamba kielelezo kinachoharibika kipelekwe mbele ya hakimu pamoja na mtuhumiwa, hakimu akione na kutoa amri ya kukiteketeza, na kipigwe picha inapowezekana. Mwaka 2019, katika rufaa iliyosikilizwa Mtwara, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mtuhumiwa ana haki ya kuwepo na kusikilizwa kabla ya amri hiyo kutolewa. Fomu ya orodha iliyojazwa wakati yeye yuko mahabusu haitoshi kumtia hatiani. Maana yake porini ni hii: askari aliyekesha kwenye doria anatakiwa kuwafikisha mahakamani mjini Mugumu, kwa barabara ya vumbi, watuhumiwa na nyama kwa pamoja, mapema, na kuhakikisha maneno ya mtuhumiwa mbele ya hakimu yameandikwa.

Wapo askari wanaolalamika kwamba masharti haya yanawalinda majangili. Malalamiko yao yanaeleweka, hasa kwa wanaokumbuka Januari 2016, rubani Roger Gower alipouawa kwa risasi za majangili akiwa kwenye helikopta juu ya pori la Maswa. Lakini kosa la kukutwa na nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 linaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 20 au zaidi. Kwa adhabu ya uzito huo, mwanakijiji aliyekamatwa mpakani akitafuta kuni anastahili kuona kila hatua imefuatwa. Hati ile ile inayomfunga jangili ndiyo inayomnusuru asiye na hatia, na ndiyo inayomlinda askari mwenyewe anapotuhumiwa kumbambikia mtu kesi.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, askari hawa wamo katika jeshi la uhifadhi lenye vyeo na nidhamu ya kijeshi. Gwaride na shabaha wanafundishwa. Wanaopanga mafunzo yao waongeze siku za mahakama ya mazoezi, ambako kila askari atajaza hati na kuhojiwa na wakili mkali kabla hajakutana naye Mugumu. Na wewe unayepanda mlima, kichwa kikianza kuuma mwambie kiongozi wako mapema, ungali na miguu ya kujishushia.