Turubai Zima Ndani ya Stempu

Chini ya kuba la Bunge la Marekani, mjini Washington, kuna turubai la John Vanderlyn lenye upana wa takriban mita 5 na nusu. Columbus ameshuka ufukweni, mwaka 1492, kichwa wazi na bendera mkononi; wenyeji wa kisiwa wanachungulia kando ya mti. Mwaka 1893, Chicago ilipofanya maonyesho ya kuadhimisha miaka 400 ya safari hiyo, mafundi wa American Bank Note Company waliitia picha hiyo katika stempu ya senti 2, yenye upana wa milimita 34 hivi.

Ujio ule uliwaletea wenyeji maangamizi, nami simshangilii Columbus. Ninayemvulia kofia ni mchongaji.

Vanderlyn alikuwa na rangi za kila namna. Mchongaji alikuwa na patasi nyembamba, kipande cha chuma, na wino wa zambarau peke yake. Kivuli hakipakwi kwenye chuma, huchanjwa. Palipo na giza, mistari hukatizana na kusongamana. Pakianza kupambazuka, huachana. Na palipo na mwanga fundi hagusi kitu, huiachia karatasi yenyewe ing'ae. Yote hayo huyachonga kinyumenyume, kushoto kuwe kulia. Uso wa Columbus ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini una ndevu zake. Kwenye stempu ya senti 1 ya mfululizo uleule, iliyofuata mchoro wa William Powell, anaiona nchi kavu kwa mbali akiwa hana hata unywele kidevuni! Watu wamelicheka hilo miaka mingi. Mimi naliona uaminifu: kila stempu ilimfuata mchoraji wake.

Chuma kilichochongwa hukomazwa kwa moto, kikakandamizwa kwenye rola, nayo rola ikaihamishia picha kwenye bamba, tena na tena. Wino husuguliwa ndani ya mifereji, uso wa bamba ukafutwa safi, kisha karatasi yenye unyevu hushindiliwa mpaka iunyonye wino. Ndiyo maana kwenye stempu isiyochakaa ncha ya kidole huhisi mistari imeinuka.

Senti 2 ndiyo iliyokuwa nauli ya barua ya kawaida nchini humo, kwa hiyo stempu hizo zilichapwa zaidi ya bilioni 1.4. Mpaka leo iliyotumika hupatikana kwa bei ndogo. Ukiipata, tafuta lenzi nzuri, na uanze na mikunjo ya nguo.