Hukumu Juu ya Mkate na Kahawa ya Voi

Msomaji, uhakiki si mali ya vitabu peke yake. Mtu awezaye kupima shairi aweza pia kupima mkate, kwa kuwa vyote viwili hutengenezwa na mikono ya watu kwa ajili ya watu wengine, na vyote viwili huweza kufanywa kwa uaminifu au kwa udanganyifu. Katika kurasa hizi nataka tuipime pamoja nyumba moja ya mikate na kahawa iliyo katika mji wa Voi. Jina lake silitaji, maana kalamu ya mhakiki ni nzito na biashara ndogo ni nyepesi. Tena, zipo nyumba zaidi ya moja zinazofanana nayo kando ya barabara ile. Ukipita huko huenda ukaitambua, na huenda ukadhani tu kwamba umeitambua.

Kwanza yafaa ujue Voi ni mji wa namna gani. Ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi hupita hapo, na hapo hapo huchipuka njia ya kwenda Mwatate, Bura na Taveta hadi mpaka wa Tanzania. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Voi kabla ya mwaka 1898 kwisha, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli nyingine ikatandazwa kutoka Voi kuelekea Taveta kwa haja ya majeshi. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, mji ukapata stesheni ya pili. Ubavuni mwake ni Tsavo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, ambayo huleta wageni wa mbali waliokuja kutazama ndovu. Basi wengi wa walao Voi hawakai Voi. Hufika na vumbi jekundu mabegani, hula, hulipa, huondoka, na pengine hawarudi tena maisha yao yote. Neno hili likumbuke, maana hukumu yangu imesimama juu yake.

Manung'uniko ya wateja wa mji huu ni ya zamani kuliko majengo yake mengi. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Abiria walishuka Voi wakala katika nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na stesheni. Wasafiri wa miaka ile walioandika habari za safari zao hawakuisifu meza hiyo. Walilalamikia nyama ngumu na chakula kisichobadilika. Mimi huyasoma malalamiko hayo kwa tahadhari. Mtu aliyetikiswa mchana kutwa katika behewa, macho yamejaa vumbi, koo limekauka, hawi shahidi mwema wa supu. Lakini pia mpishi ajuaye kwamba wale wote wataondoka baada ya saa moja, na kwamba hapana meza nyingine ya kukimbilia, hana kitu cha kumwogofya ila dhamiri yake.

Turudi katika nyumba yetu. Nimekaa humo mara nyingi, asubuhi na jioni, na nimewasikia wateja wakiitolea hukumu zisizopatana hata kidogo. Abiria wa basi alisema kuwa chai yake ilikuwa ya moto mno na ilicheleweshwa. Mtalii aliyetoka mbugani alisema kuwa hajaona watu wakarimu kuliko hao. Karani wa ofisi, ambaye hufika kila siku saa nne, alisema kuwa nyumba ile ni kama kwao, maana kikombe chake huwekwa mezani kabla hajaketi. Mwanafunzi wa shule ya sekondari, aliyenunua mandazi mawili na chai ya rangi siku ya kufunga shule, alisema kwamba aliondolewa penye kiti ili mtu mwingine aketi. Ni yupi kati ya hao aliyesema kweli?

Vijana wengi wangejibu kwa kuhesabu: watu wawili wamesifu, wawili wamelaumu, basi nyumba ni ya wastani. Jibu hili ni la uvivu. Ushahidi haujumlishwi kama vichele. Hupimwa mmoja mmoja. Abiria alikuwa na dakika kumi na tano, na dereva alikwisha kupiga honi. Kwake yeye hata chai njema ingekuwa ya moto mno. Toa haraka yake katika ushuhuda wake, na kitakachobaki ni kidogo. Mtalii alilinganisha tabasamu na kimya cha porini, na noti yake ilikuwa kubwa. Toa noti hiyo, kisha uone sifa imebaki ngapi. Karani ni shahidi wa mazoea. Asifuye kwa mazoea husifu faraja yake mwenyewe, wala haonji tena anachokunywa. Mwanafunzi hakutaja ladha kabisa, na kwa hiyo wengi wangemwacha pembeni. Mimi namweka mbele, na sababu nitaitoa baadaye.

Sasa mkate. Hapa sina budi kusifu, na kusifu kwa haki ni kazi ngumu kuliko kulaumu. Voi ni mahali pa joto, na joto ni rafiki mwenye hila kwa mwokaji. Hamira huamka upesi katika joto. Unga uliokandwa huumuka kabla ya wakati wake, na ukiachwa kidogo tu hupita kiasi, ukawa mchachu, kisha ukanywea ndani ya tanuri. Mwokaji wa nyumba hii hukanda usiku, huanza moto yapata saa tisa, wakati hewa ya mji imepoa, na alfajiri mikate hutoka ikiwa na ngozi ya rangi ya asali na moyo mweupe usioshikamana na meno. Mahamri yake yana iliki na tui la nazi iliyopanda kutoka Pwani. Skonzi zake ni za kawaida tu, nami sitazipotezea wino. Lakini mkate ule wa alfajiri ni kazi ya mtu anayeijua hali ya hewa ya mji wake kama baharia ajuavyo pepo.

Tena ngano haitoki hapo. Tambarare ya Voi huota mkonge na vichaka. Vilima vya Taita hutoa mboga na matunda. Taveta hutoa ndizi. Unga wa ngano husafiri, na sehemu kubwa ya ngano iliwayo nchini Kenya huvuka bahari. Vita vya Urusi na Ukraine vilipozidi mwaka 2022, bei ya unga ilipanda, na mwokaji wa mji mdogo asiyeijua Ukraine ila kwa redio akajikuta penye njia mbili. Aweza kupandisha bei ya mkate mbele ya macho ya watu, atukanwe. Au aweza kuiacha bei ilivyo na kupunguza unga kwa siri, asifiwe kwa huruma asiyokuwa nayo. Nyumba hii ilipandisha bei, ikaandika bei mpya kwa chaki mlangoni. Wateja walinung'unika, na baadhi yao wakahamia kwingine wakanunua mikate iliyonyauka kwa bei ya zamani. Mimi naihesabu chaki ile kuwa sehemu ya ladha ya mkate.

Kahawa ni habari nyingine, na hapa sifa zangu zakoma. Fikiri, msomaji, juu ya jambo hili. Mwaka 1893 wamisionari wa Kifaransa walipanda mibuni huko Bura, katika nchi ya Taita, na mibuni hiyo huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza kupandwa katika nchi ambayo leo huitwa Kenya. Bura si mbali na Voi. Mtu akiondoka baada ya kufungua kinywa aweza kufika na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini ukiagiza kahawa katika nyumba yetu utaletewa kikombe cha maji ya moto, kopo la unga wa dukani na kijiko, ujikorogee mwenyewe. Yaani mji uliokaa jirani na mibuni ya kwanza humpa mgeni kahawa isiyojua hata ilikotoka. Na upande wa pili, mwendo wa saa chache tu kwa basi, ni Mombasa, ambako mwuza kahawa huchukua dele lake juu ya makaa, akagonganisha vikombe vidogo ili asikike mtaa mzima, na kahawa yake ni chungu, nyeusi, yenye tangawizi, wala haiombi radhi kwa uchungu wake. Nyumba ya Voi imekaa katikati ya shamba na dele, ikachagua kopo.

Mwenye nyumba angejibu kuwa watu wa Voi hunywa chai. Ni kweli. Chai yake ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na majani katika sufuria moja mpaka ikawa na rangi ya udongo wa Tsavo, ni njema, nami nimeinywa kwa furaha. Lakini kama watu hunywa chai, kwa nini neno kahawa limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa? Kibao ni ahadi.

Nimesema kwamba nitaeleza sababu ya kumweka mwanafunzi mbele ya mashahidi wenziwe. Katika mji wenye wenyeji tupu, soko lenyewe humfundisha mwenye duka adabu: ukimdhulumu jirani leo, kesho hatanunua kwako, na kesho kutwa hata nduguze hawatanunua. Katika mji wa wapitaji mwalimu huyo hayupo. Abiria aliyedhulumiwa atalalamika akiwa Mtito Andei, na upepo utayachukua maneno yake. Kwa hiyo wema wa nyumba ya njiani haupimwi kwa jinsi inavyomtumikia karani, ambaye atarudi kesho, wala mtalii, ambaye fedha yake yaonekana. Hupimwa kwa jinsi inavyomtumikia mtu asiye na uwezo wa kuituza wala kuiadhibu. Mtu wa namna hiyo ni abiria wa kupita. Ni mkata mkonge aliyekuja mjini siku ya mshahara, anunue nusu mkate. Ni mwanafunzi mwenye mandazi mawili.

Nilimtazama mwanafunzi yule siku alipoondolewa. Hakutukanwa. Mhudumu alimwambia kwa sauti ya upole, "Kijana, hebu sogea kidogo," na kijana akainuka na kikombe chake, akanywa chai akiwa amesimama karibu na sanduku la soda. Aliyekaa mahali pake alikuwa na funguo za gari mkononi. Chai ilikuwa moja, bei ilikuwa moja, sufuria ilikuwa moja. Basi kile alichonyimwa kijana kilikuwa nini? Kilikuwa kiti tu, waweza kusema. Lakini alipolipia chai alikuwa amekilipia kiti pia, sawasawa na mwenye funguo, na upole wa sauti haukuwa malipo ya kiti. Hili ni kosa kubwa kuliko kahawa ya kopo, wala mkate mwema haulifuti.

Tena liko jambo la chenji. Wapitaji wanaijua hila hii katika miji mingi ya njiani: abiria hutoa noti, honi hulia, mhudumu hutafuta fedha ndogo kwa mikono iliyolegea ghafula, na basi huondoka. Siku hizi wengi hulipa kwa simu, na hila imepungua nguvu. Lakini mtu wa shamba na mama mzee bado hushika noti mkononi. Kwa siku nyingi nilikaa karibu na dirisha la malipo, nikitazamia kuiona hila hiyo katika nyumba yetu, maana nyumba imwondoayo mtoto kitini huenda pia ikamla mama fedha zake.

Jioni moja basi la Taveta lilisimama, likateremsha watu wachache, na mwanamke mmoja mwenye kitoto mgongoni akanunua mkate akatoa noti ya shilingi elfu moja. Dirishani hapakuwa na fedha ndogo. Honi ililia, mwanamke akatazama basi, akatazama dirisha, kisha akakimbilia basi lake, mkate kwapani. Mhudumu mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache ambaye hakuna mteja niliyemsikia akimsifu, alikwisha kutoka kwa mlango wa nyuma kwenda duka la jirani kuvunja noti. Aliporudi basi lilikuwa limeanza kusogea. Alikimbia na aproni yake, akaligonga bati la basi kwa kiganja, akanyosha mkono juu dirishani: "Mama, chenji yako!" Mkono ukatoka ukazipokea. Alirudi akitweta, akanawa, akaendelea kufuta meza, na mteja wa meza ya tatu akamkemea kwa kuchelewesha chai.