King'amuzi, Kisimbuzi na Chaneli za Bure: Istilahi za Televisheni Mbele ya Mnunuzi

Istilahi hupimwa pale inapotumiwa. Orodha ya istilahi yaweza kuonekana nadhifu juu ya meza ya mfasiri. Lakini ikiwa haimwezeshi mtu mwenye fedha mkononi kujua anachokinunua, kazi yake haijakamilika. Katika makala haya twakusudia kuyachunguza maneno matatu yaliyoenea kutokana na mabadiliko ya televisheni nchini: king'amuzi, kisimbuzi na chaneli ya bure.

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Mwanza ikafika mwishoni mwa Februari 2013. Kabla ya hapo mkazi wa Pasiansi alihitaji televisheni na antena tu ili aitazame Star TV, kituo kilichoanzishwa papo hapo Mwanza. Baada ya hapo seti yake ilihitaji kisanduku cha kupokea picha na sauti zilizogeuzwa kuwa tarakimu, na kuzirudisha katika hali ya kuonekana na kusikika. Kisanduku hicho ndicho watu walichokiita king'amuzi.

Neno hili lina sifa njema. Kitenzi kung'amua chajulikana na kila mzungumzaji: ni kutambua jambo lililokuwa limefichika. Umbo lake laingia katika ngeli ya KI-VI bila taabu. Wala sauti ya ng' si mzigo kwa Msukuma, ambaye katika lugha yake humwita mtoto ng'wana. Haikuhitajika semina yoyote kulieneza neno hili. Muuzaji na mnunuzi walilipokea siku moja.

Baadaye likaja neno kisimbuzi, na siku hizi ndilo linalopendelewa katika maandishi ya kiofisi. Hoja ya wanaolitetea haifai kudharauliwa. Kisimbuzi kina ukoo: msimbo, kusimba, kusimbua, usimbaji. Mwalimu aweza kuyafundisha maneno hayo pamoja, na mfasiri wa kitabu cha kompyuta hatapungukiwa. Wanasema pia kwamba kisanduku hakina akili ya kung'amua kitu. Hoja hii ya pili hatuikubali, kwa kuwa lugha haikuwahi kudai kwamba kipaza sauti kiwe na koo.

Kosa tunaloliona ni kuyachukulia maneno haya mawili kuwa ni visawe, kisha kulifukuza moja ili jingine likae. Televisheni nyingi zinazouzwa sasa zina ndani yake sehemu ya kupokea matangazo ya dijitali, na simu huonyesha taarifa ya habari bila kisanduku chochote pembeni. Kazi ya kusimbua ingalipo. Kisanduku ndicho kilichotoweka. Basi kisimbuzi na kiwe jina la sehemu au programu inayoifanya kazi hiyo, popote ilipo, na king'amuzi kibaki kuwa jina la kisanduku. Hapo muuzaji ataweza kusema kweli kwa maneno machache: "Televisheni hii ina kisimbuzi ndani, huhitaji kununua king'amuzi." Kwa istilahi za sasa sentensi hiyo ni fumbo, na mwenye kipato kidogo aweza kununua kifaa asichokihitaji.

Neno la tatu ndilo lililoleta manung'uniko makubwa zaidi. Katika Kiswahili bure ni kitu kisicho na malipo, na pia ni jambo lisilo na faida. Lakini hata katika maana ya kwanza, tangazo linalotaja "chaneli za bure" halisemi ni malipo gani yaliyoondolewa. Mwananchi amenunua king'amuzi, amelipia umeme, na kifurushi chake kikiisha aona kioo cheusi. Huuliza, na ana haki ya kuuliza, ubure huo uko wapi. Mwaka 2018 suala la ving'amuzi vipi vina ruhusa ya kubeba chaneli hizo lilizua mjadala nchini, na watazamaji wengi waliufuata bila kujua tofauti ya leseni zilizobishaniwa. Twapendekeza chaneli zisizo na ada ya mwezi, dhidi ya chaneli za kulipia. Ni maneno mengi zaidi, lakini yanataja kile hasa kisicholipwa.

Tunajua kwamba watumishi wa umma hupenda istilahi fupi, kwani nafasi ya tangazo ni ndogo. Hata hivyo, ufupi unaomwacha msomaji gizani hauokoi kitu. Maelezo yasiyoandikwa ofisini itambidi muuza duka wa Pasiansi ayatoe kwa mdomo, kila mmoja kwa namna yake na kwa masilahi yake. Yafaa, kabla ya istilahi ya chombo chochote kipya kupitishwa, isomwe dukani katika sentensi kamili, mbele ya mnunuzi, na asikilizwe atakavyoifasiri.